Nyaya za betri zinapata moto: tazama unene kwanza

Ndugu yangu wa Himbi, unasema inverta yako ya wati 1000, ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, inalialia, na nyaya za betri ya volti 12 zinapata moto hadi plastiki inanuka. Izime leo, tafadhali. Nyumba zetu nyingi hapa Goma ni za mbao.

Piga hesabu: 1000 gawanya kwa 12 ni ampea 83, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inverta unakaribia 100. Waya wa taa hauwezi mzigo huo. Volti zinapotea njiani, inverta inadhani betri imeisha, ndiyo maana inalia. Tafuta waya wa shaba wa milimita mraba 35, usiozidi mita moja na nusu. Ukienda Birere, mtaa wetu wa biashara, omba wakate ncha uone ndani. Kuna alumini iliyovikwa shaba, nayo hubeba kidogo. Televisheni ikiwa mbali, refusha waya wa upande wa volti 220, si wa betri.

Fyuzi ya ampea 125 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Hiyo usiiache hata ukiishiwa pesa. Ukifunga, zima inverta, toa fyuzi, anza upande wa inverta, kisha chanya ya betri, halafu hasi. Hakikisha hujazigeuza, ndipo urudishe fyuzi.

Baada ya nusu saa ya kazi, zima na uguse maungio. Penye moto, kaza bolti. Na betri itoke chumba cha watoto: ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.