Keshia kakimbia na hela, nimrushe mtandaoni?

SWALI: Habari za kazi. Nina mgahawa hapa Mwanza na wafanyakazi kumi na wawili. Keshia wangu katoroka na mauzo ya siku mbili, simu kazima. Nimeshaandaa posti, picha yake, namba ya NIDA, kijiji anachotoka na namba ya shangazi yake aliyemdhamini. Mdogo wangu kanizuia eti kuna sheria. Yaani mtu akuibie afu sheria imlinde yeye?
Mama Mgahawa, Mwanza

JIBU: Pole sana mama, hela ya mauzo inauma. Ila mdogo wako mnunulie soda, kakuokoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kufanya kazi Mei 1, 2023. Inasema taarifa uliyochukua kwa sababu fulani itumike kwa sababu hiyohiyo, na yeye namba ya NIDA alikupa ili umwajiri, sio ili wateja wako wa supu wote waijue. Ukimwanika unaweza kupigwa faini ya kuanzia laki moja mpaka milioni 20 au jela isiyozidi miaka kumi, na kama mgahawa umesajiliwa kama kampuni, kampuni yenyewe faini inaweza kufika bilioni 5. Bilioni, mama. Na huyo shangazi kaiba nini?

Taarifa hizohizo zipeleke polisi, pale ni ruksa kabisa, ripoti, chukua RB, waachie kazi. Afu kuna upande ambao waajiri wengi wanausahau: keshia huyo bado ni mfanyakazi wako mpaka umwachishe kwa utaratibu. Kukaa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ni kosa kubwa, lakini muandikie barua, mwite kwenye kikao, asipokuja uweke kumbukumbu kwamba uliita, maana akifukuzwa ana siku 30 za kukimbilia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, na huko hawaulizi kwanza nani mwizi, wanauliza karatasi ziko wapi. Na usije ukawagawia deni wenzake waliobaki! Makato ya hasara anakatwa aliyesababisha, kwa maandishi, baada ya kupewa nafasi ya kujitetea, na hayazidi robo ya mshahara.

SWALI: Nina duka la dawa Morogoro, watu watano tu. Nasikia kuna kujisajili kwenye Tume sijui ya taarifa binafsi. Si ni mambo ya mabenki na mitandao ya simu hayo? Na nimeshafunga mashine ya alama za vidole ili niwakamate wanaochelewa.
Mfamasia

JIBU: Hapana kaka, sheria haijali una watu wangapi, ukishakusanya na kutunza taarifa za watu umo. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 3, 2024, watu wakapewa mpaka mwisho wa Desemba kujisajili, ikasogezwa mpaka Aprili 30, 2025. Kwa hiyo ulishachelewa, jisajili wiki hii na usisubiri wakufuate. Wewe hasa ndo wa kuwa makini kuliko hata mwenye baa, kwa sababu unashika taarifa nyeti, nani anachukua dawa gani, na hizo alama za vidole nazo ni nyeti, ridhaa iwe ya maandishi. Kwa watu watano mimi ningeweka daftari la kusaini tu, ila mashine ni yako.

SWALI: Mhudumu wangu kajifungua mtoto njiti, yuko hospitali. Siku 84 za likizo naanza kuzihesabu lini? Na mumewe, ambaye pia ni fundi wangu, anadai siku saba, mimi najua tatu.
Mwenye karakana, Arusha

JIBU: Jamaa yuko sahihi, tatu ni za baba wa kawaida. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza Februari 1, 2025 yanampa baba wa njiti siku saba, na mama muda wa tangu kujifungua mpaka mimba ingefika wiki 36 hauingii kwenye zile 84, unahesabu baada ya hapo. Muombe karatasi ya daktari inayoonyesha wiki, ikae kwenye faili lake, na tafadhali usiipige picha kuituma kwenye grupu la kazi hata kama ni kwa ajili ya kumchangia, tangaza mchango bila karatasi. Faili lenyewe usilichome akiacha kazi, maelezo ya mkataba wake unatakiwa kuyatunza miaka mitano baada ya ajira kuisha.