Aliyetengwa hakujitenga

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Nasomesha historia katika skuli moja hapa Chake Chake. Tumefika kwenye harakati za watu Weusi wa Marekani kudai haki za kiraia, na jinsi mipango miji ilivyowagawa watu kwa rangi zao. Mwanafunzi wangu kaandika: "Watu Weusi wa Chicago walijitenga upande wa kusini wa mji, kama Waswahili walivyojitenga Ng'ambo ya Mji Mkongwe wa Unguja." Nimemsahihisha kuwa "walitengana". Niko sawa? Na jambo lenyewe tuliite utengano au ubaguzi wa makazi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, maalim mwenzangu. La mwisho nalijibu kwanza kwa kuwa ni fupi. Liite ubaguzi wa makazi. "Bagua" ni Kibantu chetu wenyewe, asili yake kuweka vitu mafungu mbalimbali, na kwa kutumika sana juu ya watu neno limeshika harufu ya dhuluma. "Utengano" linatoka katika kutengana, na kutengana kunataka wawili: mke na mume wametengana, ndugu wametengana baada ya kugombea mirathi. Waandishi wengi wamekwishalizoea kwa maana ya ubaguzi, nami nimechoka kuligombania. Ukilikuta, liache lipite, ila usilisomeshe.

Sasa sentensi yenyewe. Hilo "walijitenga" ni neno ninalopigana nalo miaka mingi, na masikitiko yangu ni kwamba wewe umelitoa ukaweka ndugu yake. "Walijitenga" maana yake walitaka, wakatenda, wakatendewa na nafsi zao. "Walitengana" maana yake pande mbili zilikubaliana au zilichokana. Neno lililokuwa likihitajika ni "walitengwa", na hapo msomaji atauliza mara moja: na nani? Swali hilo ndilo somo lako la historia zima. Aliyejikata kwa kisu na aliyekatwa kwa kisu jeraha lao huweza kuwa moja, lakini kesi yao si moja.

Chicago watendaji wanajulikana. Hati za nyumba ziliandikwa sharti kwamba nyumba isiuzwe wala isikodishwe kwa mtu Mweusi, na mahakama zikayasimamia masharti hayo hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza mwaka 1948. Katika miaka ya 1930 chombo cha serikali kilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyoonekana ya hatari kukopesha, na mitaa ya watu Weusi ikaingia humo. Mwenye kuishi ndani ya wekundu mkopo wa nyumba akaupata kwa taabu au akaukosa kabisa. Martin Luther King alihamia Chicago mwaka 1966 kudai haki ya makazi, na alipoandamana katika mtaa wa wazungu alipigwa jiwe la kichwa. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kukodisha nyumba ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya yeye kuuawa. Watu waliojitenga wenyewe wangeandamana kudai nini?

Nyumbani sasa, ambako kosa hili linaniuma zaidi. Lina dada yake, na huyu dada namsikia kwa watembeza wageni, katika hotuba, hata kwa watu waliosoma: "Bahari iliutenganisha mji." Bahari! Ni kweli palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kati ya Mji Mkongwe na upande wa pili, na ng'ambo ni upande wa pili wa maji, basi. Lakini maji hayakumzuia mtu. Pakawekwa daraja, na jina Darajani liko hadi leo ingawa daraja halipo. Watu walivuka asubuhi kwenda kufanya kazi majumbani, bandarini na sokoni, na jioni wakavuka kurudi. Kisha maji yakafukiwa. Upande wa kusini ndio viwanja vya Mnazi Mmoja tunapochezea mpira, na kwengine imepita barabara. Kama bahari ndiyo iliyotenganisha, mbona ilipoondoka watu hawakuungana? Bibi yangu aliyezaliwa Vikokotoni, hatua chache kutoka Darajani, hadi anakufa alisema "nakwenda mjini" kila alipovuka barabara, kama kwamba pale alipolala hapakuwa mji.

Hilo halikufundishwa na maji. Lilifundishwa na serikali ya kikoloni, iliyouhesabu upande wa mawe kuwa ndio mji na upande wa pili kuwa makazi ya wenyeji, na mwaka 1923 Mwingereza Lanchester akauchorea mji ramani yake ya mipango. Tena hesabu hiyo haikulingana na watu wenyewe: Ng'ambo walikaa Wangazija, Waarabu na Wahindi pamoja na Waswahili, na ndani ya majumba ya mawe walilala watumishi na mafukara. Kwa hiyo "Waswahili walijitenga" ni kosa mara mbili, la mtendaji na la mtendwa.

Mwambie mwanafunzi wako pia kwamba watu wa Ng'ambo hawakunyamaza. Mtu alijenga nyumba kwa udongo na fito zake, nyumba ikawa yake, lakini ardhi iliyo chini ya kuta ikawa ya mwengine, na kodi ya kiwanja ikawa inapanda. Mwaka 1928 waligoma kuilipa. Sasa soma kwa sauti: "Watu waliojitenga Ng'ambo waligoma." Haileti maana. Kisha soma: "Watu waliotengwa Ng'ambo waligoma." Silabi mbili tu zimeguswa, moja imetoka na moja imebadilika, na mgomo umepata sababu.

Kwa hiyo futa sahihisho lako, na yake pia, umwandikie hivi: "Watu Weusi wa Chicago walitengwa upande wa kusini wa mji kwa hati za nyumba na kwa kunyimwa mikopo, watu wa Ng'ambo walitengwa na serikali ya kikoloni." Alama mpe. Kosa amelisikia kwetu sisi watu wazima.