Kwa Wanaoanza Kuwapeleka Vijana Mwambani

Mwalimu au kiongozi mpya anayepewa kazi ya kuwaonyesha vijana viumbe wa baharini, hapa pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kawaida huanza kwa kukusanya majina na picha. Mimi ningekushauri uanze na kuuangalia mwezi. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana, na kwetu huwa yamepwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wakati unaowafaa wanafunzi. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vya kutosha, na vijana hurudi wakiwa wameona mchanga na majani tu. Fika mapema, ufuate maji yanavyotoka, kisha uanze kurudi mara yanapogeuka, kwa sababu maji yanayojaa hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yenu.

Mkishafika, usikimbilie kuonyesha vingi. Chagua kiumbe mmoja mkae naye, na pweza anafaa kuliko wengi. Waambie vijana watafute mlango wake: tundu kwenye mwamba ambalo mbele yake pamelundikana magamba ya kaa na makome matupu, masafi, yasiyoota ukoga bado. Hayo ni mabaki ya chakula chake, na kijana akishajua kuyatambua ataanza kuuliza mwenyewe huyu mnyama huwinda saa ngapi na kwa nini amejipangia mawe mlangoni. Hapo ndipo umweleze kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba umri wake ni mfupi mno, na kwamba jike hulinda mayai yake bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Maelezo hayo yakitolewa darasani hupita. Yakitolewa mbele ya tundu, hukaa.

Jiwe lililoinuliwa lirudishwe taratibu kama lilivyokuwa, upande wa chini ukiwa chini. Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote, maana viumbe wanaojificha chini ya jiwe, pamoja na mayai yaliyogandamana nalo, hawastahimili jua, na kundi moja la wanafunzi wasioelekezwa linaweza kuwaua wengi kwa asubuhi moja bila hata kujua. Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, nacho kitazamwe kikiwa majini. Kukitoa kwa ajili ya picha ni kukinyima pumzi.

Kila mtoto avae viatu vilivyofunika mguu. Konokono mwenye ganda la umbo la koni, hata akiwa mzuri vipi, asiguswe, kwani sumu ya baadhi yao huua mtu.

Mtoto akisema, "Huyu sisi tunamla," usimkemee wala usimnyamazishe. Muulize nani humvua, kwa njia gani, na kama ukubwa wake ni uleule wa zamani. Vipo vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na kwa kuwa pweza hukua haraka, wavuvi huyaona matokeo siku ya kufungua. Mtoto ambaye bibi yake huchokoa pweza huenda akalieleza jambo hilo vizuri kuliko wewe. Mpe nafasi aongee, na safari inayofuata, kama bibi huyo yuko tayari, mwombe awatangulie mwambani.