Maswali ya Wasomaji: Besiboli, Viti 40 na Wachezaji Huru

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, humalizika kwa fainali za World Series mwisho wa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba. Baada ya hapo hakuna mechi mpaka timu zikusanyike tena kambini Februari, Florida na Arizona. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayowachanganya wengi, na barua tulizopokea zinaonyesha hivyo. Tumechagua tano.

Assalaam alaykum. Barza yetu hapa Mwanakwerekwe ni ya mpira wa miguu, ila wawili watatu tunafuata besiboli kwa simu. Sisi tunajua mkataba ukimalizika mchezaji yuko huru, akitaka aende KMKM, akitaka Mlandege. Kule naona mtu hana mkataba wa mwakani na bado anaambiwa ni wa timu ile ile. Halafu Novemba haijesha, timu tajiri inamtema mchezaji ambaye juzi tu alikuwa anacheza kila siku. Mantiki iko wapi? (Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja)

Waalaykum salaam. Wekeni mkataba pembeni kwanza, mhesabu siku. Kule uhuru wa mchezaji unapimwa kwa siku alizokaa katika kikosi cha timu kubwa. Siku 172 ni mwaka mmoja wa utumishi, ingawa msimu wenyewe una siku 187 hivi. Akitimiza miaka 6, na mkataba wake ukawa umekwisha, ndipo anapokuwa mchezaji huru. Kabla ya hapo timu inamshika hata kama hajasaini chochote cha mwakani.

Miaka 3 ya mwanzo timu hujipangia yenyewe cha kumlipa, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho ni dola 760,000 kwa mwaka 2025 na dola 780,000 kwa mwaka 2026. Kuanzia mwaka wa 4 anaingia katika usuluhishi, yaani wasipokubaliana mshahara, jopo ndilo linaloamua. Kuna kikundi kidogo kinachoingia mapema: katika wale wenye miaka 2 na kitu, asilimia 22 ya juu kwa wingi wa siku.

Ujanja wote umejificha katika siku zile 15 za tofauti kati ya 172 na 187. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha Kris Bryant katika ligi ndogo (ligi za chini ambako timu huandaa vijana wake) siku za mwanzo za msimu, wakampandisha baadaye. Alimaliza mwaka akiwa na siku 171. Siku moja pungufu, timu ikajipatia mwaka mzima wa ziada wa kuwa naye. Alishitaki kwa utaratibu wa ligi, na mwaka 2020 akashindwa. Tangu mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji, kijana anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura ya mchezaji bora wa msimu wake wa kwanza ligi kuu hupewa mwaka kamili hata kama amepandishwa kwa kuchelewa. Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates alipandishwa Mei 2024, akashinda tuzo hiyo, na mwaka wake ukahesabiwa mzima.

Sasa huyo aliyetemwa Novemba. Usuluhishi kule si wa kukutana katikati. Timu inaandika tarakimu yake, mchezaji anaandika yake, na jopo la watu watatu linachagua moja kama ilivyo. Kipimo ni wenzake wenye utumishi kama wake wanalipwa ngapi, na hapo bei hupanda karibu kila mwaka. Tuchukue mfano: mchezaji analipwa dola milioni 4 mwaka huu, na makadirio ya mwakani ni milioni 6.5. Timu ikiona sokoni kuna mtu wa kazi hiyo hiyo kwa milioni 2, inaacha kumpa ofa kabla ya siku ya mwisho, mwezi huo huo wa Novemba, na yule anatoka huru hata kama miaka 6 haijatimia. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa mzuri na bado akatemwa kwa sababu bei yake ya mwakani imempita mbadala wake.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalosahauliwa barzani: viti. Uwanjani kikosi ni watu 26, lakini orodha ya wanaomilikiwa kikamilifu na timu kubwa ni watu 40. Katikati ya msimu majeruhi wa muda mrefu huwekwa kwenye orodha ya siku 60, na hao hawahesabiwi katika 40. Siku 5 baada ya World Series orodha hiyo ya majeruhi hufutwa. Wote hurudi na kudai viti vyao. Timu iliyokuwa na majeruhi 7 wa aina hiyo inahitaji viti 7 ndani ya wiki moja, kabla hata haijafikiria kununua mtu. Wachezaji huru wanaoondoka huacha nafasi kadhaa, pengo linalobaki hujazwa kwa kutema. Ukiona majina manne yamefutwa kwa siku moja mwanzoni mwa Novemba, usitafute ugomvi na kocha. Kwanza hesabu majeruhi.

Nimesoma kwamba Blake Snell alitoka kuchukua tuzo ya mrushaji bora mwaka 2023, halafu akakaa bila timu mpaka Machi 2024. Mtu kama yule anakosaje mnunuzi? (Msomaji, Wete, Pemba)

Wanunuzi walikuwepo. Kilichowarudisha nyuma ni gharama iliyofungwa juu ya mshahara.

Ndani ya siku 5 baada ya World Series, timu inaruhusiwa kumpa mchezaji wake anayemaliza mkataba ofa maalumu ya mwaka mmoja. Kiwango hakijadiliwi: ni wastani wa mishahara 125 mikubwa ya ligi. Kwa msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 21.05, kwa 2026 ni milioni 22.025. Akikubali, anabaki mwaka mmoja. Akikataa na kusaini kwingine, timu inayomchukua inapoteza nafasi za kuchagua vijana katika drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu), na timu aliyoiacha inapewa nafasi ya fidia. Adhabu inategemea mfuko wa mnunuzi. Timu inayolipa kodi ya anasa (tozo kwa timu ambayo mishahara yake imepita kikomo) hupoteza nafasi yake ya 2 na ya 5, pamoja na dola milioni 1 katika bajeti ya kusaini vijana wa nje. Timu ndogo inayopokea mgao wa mapato hupoteza nafasi ya 3 tu.

Snell aliikataa ofa ya San Diego Padres. Mwishowe alimwaga wino na San Francisco Giants Machi 2024: miaka 2, dola milioni 62, na ruhusa ya kujitoa baada ya mwaka wa kwanza. Kule hakuna dirisha linalofungwa kwa mchezaji huru, ndiyo maana mawakala wengine husubiri mpaka dakika za lala salama. Hasara yake ni mazoezi. Mrushaji anahitaji kambi ya wiki kama sita ili kuupandisha mkono taratibu. Akisaini msimu unakaribia kuanza, Aprili ndiyo inakuwa kambi yake. Snell alianza vibaya sana mwaka ule, akaumia, kisha tarehe 2 Agosti akawanyima Cincinnati Reds hata pigo moja safi kwa mechi nzima. Jordan Montgomery alichelewa vile vile, akasaini na Arizona Diamondbacks kwa dola milioni 25, na mwaka wake ukaharibika wote.

Tofauti ya wawili hawa ni nzuri kuijua. Montgomery hakuwa na mzigo wa drafti, kwa sababu Texas Rangers walimpata Julai 2023, katikati ya msimu. Ofa ile hupewa tu aliyekaa na timu moja msimu mzima, tena ambaye hajawahi kupewa kabla. Kwa hivyo mkiona mchezaji anauzwa Julai akiwa na miezi mitatu ya mkataba, jueni anayemuuza ameiacha fidia ya drafti, na dau la mauzo lazima liizidi fidia hiyo. Kama halikuizidi, amefanya biashara ya hasara, na hilo hutokea mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya sekondari. Naomba kujua Kanuni ya 5 ni nini, maana kila Desemba inatajwa na mwalimu wetu wa michezo hakuweza kunieleza. (Mwanafunzi, Chake Chake)

Marahaba. Ni kanuni ya kuzuia timu kuwafungia vijana wengi katika ligi ndogo bila kuwatumia.

Kijana aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini yake, timu ina misimu 5 ya kumpa kiti katika ile orodha ya 40. Aliyesajiliwa na miaka 19 au zaidi, misimu 4. Muda ukipita bila kiti, Desemba timu nyingine yoyote yenye kiti kitupu inaweza kumchukua kwa dola 100,000. Lakini anayemchukua hana ruhusa ya kumrudisha ligi ndogo: lazima amweke katika kikosi cha watu 26 msimu mzima, na katika huo kijana awe mzima, si kwenye orodha ya majeruhi, kwa siku zisizopungua 90. Akishindwa kumvumilia, anawekwa wazi kwa timu nyingine kwanza, kisha anarudishwa kwao kwa dola 50,000.

Sharti hilo la 26 ndilo linaloamua nani alindwe. Mlinzi wa kati mwenye miaka 20 na kipaji cha ajabu, lakini bado hajui kupiga mipira ya kupinda, mara nyingi yuko salama hata bila kiti. Nani atambeba mwaka mzima akikosa kila siku? Mrushaji wa akiba anayerusha kwa kasi ni hatari zaidi kumwacha, kwa kuwa timu dhaifu inaweza kumficha: anaingizwa tu katika mechi ambazo matokeo yameshajulikana. Ndiyo maana wengi wanaochukuliwa ni warushaji.

Makosa makubwa yameshafanyika. Mwaka 1954 Dodgers walimwacha wazi Roberto Clemente. Pittsburgh Pirates wakamchukua, akawapigia mapigo 3,000. Mwaka 1999 Houston Astros walimwacha Johan Santana, naye akaishia Minnesota Twins na kuchukua tuzo mbili za mrushaji bora, 2004 na 2006.

Mimi ni mhasibu, nafanya kazi Mji Mkongwe. Shohei Ohtani alisaini dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini wanasema analipwa milioni 2 kwa mwaka. Hii hesabu inakaaje vitabuni? Au ni njia ya kukwepa kodi ya anasa? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Swali lako limetufurahisha, kwa sababu wengi hubishana kuhusu mkataba huu bila kushika kalamu.

Mkataba wa Ohtani na Los Angeles Dodgers, wa Desemba 2023, unaahirisha dola milioni 680 bila riba. Wakati anacheza anapokea milioni 2 kwa mwaka. Kuanzia 2034 mpaka 2043 atapokea milioni 68 kwa mwaka. Ligi haikubali kuhesabu milioni 70 kwa mwaka kwa sababu fedha ya mwaka 2040 si sawa na ya leo. Inapunguza thamani kwa kiwango cha riba kilichopangwa, na kinachobaki ni kama milioni 46 kwa mwaka. Hiyo ndiyo inayoingia katika hesabu ya kodi. Wala Dodgers hawawezi kukaa mikono mitupu mpaka 2034: kanuni inawalazimu kuitenga thamani ya sasa ya kila mwaka ndani ya takriban miaka miwili. Kwa hivyo tusiseme wamekwepa. Mchezaji amekubali thamani ndogo ili timu ipate nafasi ya kuwanunua wenzake.

Kodi yenyewe haifuati hundi ya mwezi, inafuata wastani wa mkataba kwa mwaka. Mkataba wa miaka 3 wenye milioni 10, 20 na 30 unahesabiwa milioni 20 kila mwaka. Kikomo kilikuwa dola milioni 241 mwaka 2025, na ni 244 mwaka 2026. Chukua timu yenye milioni 261 mwaka 2026. Imezidi kwa milioni 17. Mara ya kwanza inatozwa asilimia 20 ya ziada hiyo, yaani milioni 3.4, mwaka wa 2 mfululizo asilimia 30, milioni 5.1, wa 3 na kuendelea asilimia 50, milioni 8.5. Ikizidi kwa milioni 20 na zaidi kunaongezwa tozo nyingine juu yake, na ikifika milioni 40 nafasi yake ya kwanza ya drafti inashushwa hatua 10. Mfululizo ndio unaouma. Timu ikishuka chini ya kikomo mwaka mmoja tu, inaanza tena na asilimia 20, na baadhi ya mauzo ya ajabu unayoyaona yanatokana na hilo tu.

Kwa kulinganisha, angalia deni lililowekewa riba. Mwaka 2000 New York Mets walikuwa wanadaiwa na Bobby Bonilla dola milioni 5.9. Badala ya kumlipa, wakakubaliana riba ya asilimia 8 na kuanza kulipa 2011. Kila tarehe 1 Julai mpaka 2035 anapokea dola 1,193,248.20, jumla ikikaribia milioni 30. Juan Soto, aliyesaini na timu hiyo hiyo Desemba 2024 kwa dola milioni 765 na miaka 15, hakuahirishiwa hata senti.

Mechi ziko saa ngapi kwetu, na je, kijana wa huku anaweza kusajiliwa moja kwa moja? (Msomaji, Nungwi)

Mechi inayoanza saa 1 jioni New York ni saa 8 usiku kwetu. Saa zao zikirudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti inakuwa saa 8 badala ya 7, kwa hivyo habari za usajili za mchana wao huzisikia wanaokesha.

Kuhusu kijana: anaweza. Drafti ni ya wakaazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wa nje husaini moja kwa moja kuanzia miaka 16, kati ya 15 Januari na 15 Desemba, na fedha inatoka katika bajeti ya vijana wa nje, ile ile inayokatwa timu ikimchukua mtu kama Snell. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliingia na Pittsburgh Pirates tarehe 26 Aprili 2017 na kupata pigo safi mara ya kwanza kushika gongo. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari na kisiwe na herufi inayopingana na pasipoti, kwa sababu umri na jina huchunguzwa kabla ya mkataba kupitishwa.