Jibu: Murai wa Indonesia anafugika nyumbani? Na kurumbiza wetu je?

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama yule ndege mweusi mwenye tumbo la rangi ya kutu na mkia mrefu, anayetamba kwenye video za Waindonesia, anafugika nyumbani Dar. Pili, kama ikishindikana, unaweza kumtega yule wa kwenye ua wako, mwenye nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa, ukamfuga yeye. Nilisoma Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java huko Indonesia, na nikafuga huyo wa kwanza nikiwa huko, kwa hiyo ngoja nikwambie nilichokiona.

Kule wanamwita murai batu. Zamani wataalamu walimhesabu pamoja na mikesha, ndege ambao Kiingereza huwaita thrush, siku hizi wamemhamishia ukoo mwingine, na huyo wa uani kwako, ambaye wengi humwita kurumbiza, yumo kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo jicho lako halikukudanganya, ni ndugu.

Kufuga ndege kwa Wajava si mchezo wa watoto. Wazee wao husema mwanamume aliyekamilika ana nyumba, mke, farasi, jambia la keris na ndege. Watafiti waliwahi kukadiria kwamba kisiwa cha Java peke yake kina ndege wa tunduni milioni 66 hadi 84, wanaofugwa na karibu theluthi ya kaya zote. Ukipita uchochoroni asubuhi utaamini: kila baraza ina tundu, na kila tundu lina mwenyewe amelikalia pembeni na kikombe cha kahawa, anasikiliza.

Sasa tuje kwenye kazi. Ukifuga chiriku unamwekea mtama na maji, unaenda kibaruani, unarudi jioni yuko salama. Murai hali mbegu. Anakula wadudu, tena hai. Alfajiri unafunua kitambaa cha tundu na kumtoa nje apate umande. Jua likitoka unamhamishia kwenye tundu la kuogea, anajirusha majini mpaka analowa chapachapa, halafu unamwanika juani akauke na kujipanga manyoya. Ndipo unampa nyenje, wachache asubuhi na wachache jioni. Nyenje mwenyewe unamng'oa kwanza miguu ya nyuma, ile yenye miiba, isije ikamkwaruza koo. Vidole vyako vitanuka nyenje mpaka uzoee.

Halafu kuna kroto, yaani mayai na mabuu ya majimoto, wale sisimizi wa mitini, jamaa wa hawahawa wanaokung'ata ukipanda mwembe. Kuna watu kazi yao ni hiyo tu: mtu anashika mwanzi mrefu wenye kikapu kwenye ncha, anatikisa kiota juu ya mti, mabuu yanadondokea kikapuni na majimoto wanamshukia mikononi. Mzee mwenye nyumba niliyopanga alinifundisha kununua kwa kunusa. Kroto nzuri ni nyeupe, kavu, haina harufu. Ikianza kunuka uchachu, hata kama muuzaji anaapa imefika leo, achana nayo, ndege ataharisha. Mvua zikikolea bei inapanda na wengine wanachanganya na maji ili mzani uzidi. Kipo chakula cha punje cha dukani na murai anazoeshwa kukila, lakini ukimwacha na hicho peke yake sauti inafifia.

Na usidhani ukimwongezea nyenje ndiyo ataimba zaidi. Wakizidi anapandwa na mori, anarukaruka, anashambulia kivuli chake mwenyewe, wimbo hausikiki. Wanaopeleka ndege mashindanoni wanaijua hesabu hii vizuri kuliko mimi: siku mbili tatu kabla wanapandisha kidogo, baada ya hapo wanashusha. Akiwa ananyonyoka manyoya, usimguse. Mfunike, mlishe vizuri, mwache. Miezi hiyo hutasikia kitu.

Jambo ambalo video hazikuonyeshi ni kwa nini anaimba. Dume anatangaza mpaka wake na kumfukuza mwenzake. Mashindanoni matundu yanatundikwa kwa safu, kila dume anawasikia wapinzani pande zote, na wote wanawaka. Wenyewe wanasimama nje ya uzio wanapiga kelele na miluzi kuwatia hamasa, waamuzi wanapita chini na bendera. Ndege aliyeshinda mashindano makubwa anauzwa bei ya pikipiki mpya na kupita. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kuweka madume wawili tundu moja, mmoja atakufa. Hata jike usimwingize hivihivi, kwanza wanaonana kwa matundu mawili yaliyobanana, mpaka dume apoe.

Mkesha halisi wanaye pia, anis merah, wa kichwa cha chungwa. Akikolea kuimba anayumbisha kichwa huku na huku kama mlevi, na waamuzi wanampa alama kwa hilo. Mimi sikuvutiwa. Anakula papai na minyoo ya udongo, na kufika adhuhuri tundu linanuka balaa.

Kumleta Bongo: mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kule Panama, murai aliingizwa Kiambatisho cha II, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji vibali. Sababu ni kwamba misitu mingi kule imebaki kimya, watu wamewatega mno. Mwenyewe nilichukua aliyezaliwa kwa mfugaji, na namna ya kuhakikisha ni pete ya mguuni. Ile ya duara kamili, isiyo na kiungo, inapita kwenye mguu wa kinda mchanga tu, ndege mkubwa huwezi kumvisha. Ukioneshwa pete iliyokatwa na kubanwa, ujue inaweza kuwa imevishwa jana.

Kurumbiza wako sasa. Hapana, mkuu. Kwanza sheria: wanyamapori wetu wanalindwa na sheria ya mwaka 2009, na ndege wa porini wamo, kumtega bila leseni ni kosa. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekukataza. Kule sokoni ndege mkubwa aliyetoka msituni unamjua kwa kumtazama: paji la uso limechubuka kwa kujigonga kwenye vijiti vya tundu, mkia umekatikakatika, na chakula hagusi. Wengi hawamalizi wiki. Halafu ule wimbo unaoupenda alfajiri mara nyingi ni wa wawili, dume na jike wanapokezana, umemsikia kama mmoja. Ukimkamata mmoja, umebaki na nusu.

Wewe bahati yako anakuja mwenyewe. Acha majani makavu chini ya michongoma usiyafagie, ndimo anamotafuta wadudu. Usipulize dawa. Weka sahani pana ya maji yenye kina cha kidole, mahali penye kivuli, karibu na kichaka lakini si ndani yake, paka asipate pa kujificha. Badilisha maji kila siku, mbu wasizaane. Ukitaka wa tunduni kabisa, tafuta kanari aliyezaliwa tunduni, anakula mbegu na hatakuamsha saa kumi na moja kukung'olesha miguu ya nyenje.