Mnaoanza kusoma protini zinazoongoza seli, anzeni na kansa ya shingo ya kizazi

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa udaktari au maabara, mkifika kwenye mzunguko wa seli mtamwagiwa majina ya protini zinazoendesha au kusimamisha mgawanyiko wa seli, saiklini, CDK (vimeng'enya vinavyofanya kazi na saiklini), p53, p21, p16, Rb, na wengi mtakimbilia kukariri desa lote usiku wa kuamkia testi. Msifanye hivyo jamani. Chukua kansa moja uifuate mwanzo mwisho, na mi nashauri hii ya shingo ya kizazi maana ndo mtakayoikuta sana wodini huku kwetu.

Iko hivi, seli ikitaka kugawanyika saiklini D inashikana na CDK4 na CDK6, zinaipachika Rb fosfeti, Rb inaiachia E2F, protini inayowasha jeni, na jeni za kunakili DNA zinawaka. Rb ndo breki. p53 inashtuka DNA ikiharibika, inaiwasha p21 isimamishe mzunguko, ikishindikana seli inajiua. Sasa kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na 18 zinazosababisha kama asilimia 70 ya kansa hii, kinakuja na protini zake mbili, E6 inayoipeleka p53 ikavunjwe, na E7 inayoikamata Rb. Jeni ya p53 unaikuta nzima kabisa ila protini yenyewe haidumu, hata seli za HeLa zinazokuzwa maabara, zilizotoka kwa mgonjwa wa kansa hii Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951 ziko hivyohivyo.

Mkae sana kwenye p16. Kazi yake ni kuzizuia CDK4 na CDK6, yaani inapinga kansa, sasa mbona kwenye slaidi ya baiopsi ya kansa hii iliyopakwa rangi ya kuionyesha p16 inawaka kahawia tupu, kwenye kiini na nje ya kiini? Wengi wanajibu p16 ndo inaleta kansa, na maksi zinaenda. Kumbe Rb ndo huwa inaibana p16, E7 ikishaiondoa Rb basi p16 inazalishwa kwa wingi, ila inahangaika na CDK ambazo hazihitajiki tena kwa sababu Rb iliyotakiwa kulindwa haipo. Imejaa tele na haina la kufanya! Na kwenye kansa nyingine p53 yenye mutesheni nayo inajaa kwenye kiini, maana imeshindwa kuiamsha MDM2, protini inayoivunja, ukiangalia rangi tu utasema iko kazini.

Kwa hiyo kila protini uliza nani anaiwasha, nani anaivunja, na ile inayoifuata bado ipo? Chora kwa mkono. Ukimaliza hamia retinoblastoma, kansa ya jicho ya watoto, ambako hakuna kirusi, nakala zote mbili za jeni ya Rb ndo zimeharibika.