Kahawa iliyouzwa ikiwa maua: jibu kuhusu Rangers

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lasema: klabu ya soka ikifilisika, alaumiwe tajiri aliyeinunua au shirikisho lililomruhusu? Kwa kuwa mmeliweka chini ya picha ya Ibrox, uwanja wa Rangers ya Glasgow, nitabaki Uskoti. Jibu langu ni shirikisho, na nalitoa kwa uchungu, maana nchi ile ilishazika klabu nyingine kabla ya hapo. Third Lanark, iliyoanzishwa 1872 mwaka mmoja na Rangers, ilimaliza ya tatu ligi kuu mwaka 1961 ikiwa na mabao 100. Miaka sita baadaye ilikufa mikononi mwa viongozi wake, na leo majukwaa ya Cathkin Park yamezungukwa na miti. Gretna nayo ilipanda ligi kuu 2007 kwa mfuko wa mtu mmoja. Mtu huyo akaugua, fedha zikakatika, na 2008 klabu ikaisha.

Ila swali lenu limeruka hatua. Kabla ya kuuliza nani alaumiwe, tuulize fedha zilipita njia gani, na ni nani aliyekuwa amekaa mahali pa kuziona zikipita.

Tarehe 6 Mei 2011 mmiliki wa Rangers, David Murray, alimuuzia mfanyabiashara Craig Whyte hisa zake za klabu, asilimia 85.3, kwa pauni 1. Watu wengi huikumbuka hiyo pauni moja na kuishia hapo. Bei yenyewe ilikuwa deni la benki ya Lloyds, pauni milioni 18, ambalo mnunuzi alikubali kulimaliza. Alilimaliza kwa fedha gani? Kampuni ya Ticketus ilitoa zaidi ya pauni milioni 20, na ilichonunua ni mapato ya tiketi za msimu za Rangers kwa misimu ya mbele. Wakulima wa kahawa wa Kagera wana jina la biashara hii, wanaiita butura: mnunuzi anakulipa leo kahawa ikiwa bado maua, na siku ya mavuno gunia si lako. Lakini mkulima wa butura walau anauza kahawa ya shamba lake. Hapa mapatano yaliandaliwa kabla shamba halijawa la muuzaji, kisha fedha zile zile zikatumika kulipatia shamba lenyewe. Kwa maneno mengine, mashabiki ndio walioilipa Lloyds, kwa tiketi ambazo walikuwa hawajazinunua, na hisa zikaandikwa jina la mtu mwingine.

Athari yake inataka kuelezwa taratibu. Klabu ya Uskoti hailishwi na televisheni kama zile za ligi kuu ya England. Inaishi kwa tiketi za msimu, ambazo fedha zake huingia kwa mkupuo wakati wa kiangazi, halafu mhasibu anazigawa zilipe mishahara mpaka kiangazi kingine. Ukishaziuza mapema na kuzipeleka benki, unaanza msimu huna deni la benki, lakini ghalani hamna kitu. Unabaki na viingilio vya mechi moja moja, mauzo ya wachezaji, na Ulaya. Agosti 2011 mlango wa Ulaya ulifungwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja: Malmö waliitoa Rangers kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, kisha Maribor wakaitoa kwenye Ligi ya Europa.

Klabu ikiishiwa, wa kwanza kucheleweshewa huwa nani? Mchezaji hapana, kwa sababu akikosa mshahara kesho yake ni habari ya gazeti. Wa kwanza ni mtoza kodi. Mwajiri wa Uingereza hukata PAYE, yaani kodi ya mapato ya mfanyakazi, na michango ya bima ya taifa kwenye kila mshahara, kisha anatakiwa kuiwasilisha kufikia tarehe 22 ya mwezi unaofuata. Kwa wiki kadhaa fedha hizo zinalala kwenye akaunti ya klabu ingawa si zake, na kishawishi chote kimo humo. Ukiruka mwezi mmoja, wanaojua ni chumba cha uhasibu na mamlaka ya kodi, na mamlaka hairuhusiwi kutangaza mambo ya mlipakodi. Rangers ya Whyte iliruka kodi ya mishahara, ikaruka na VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Tarehe 14 Februari 2012 klabu ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi na kupokwa pointi 10, pengo la kipindi chake lilitajwa kuwa takribani pauni milioni 9. Siku tisa kabla, Dundee United walikuwa wameshinda 2–0 pale pale Ibrox katika Kombe la Scotland, na mgawo wao wa viingilio ukanasa humo. Hata huduma ya ambulansi iliingia kwenye orodha ya wadai.

Msiichanganye na ile kesi kubwa ya mifuko ya amana ya enzi za Murray, ya wachezaji kulipwa kwa jina la mikopo, pamoja na barua za pembeni, ili kodi isikatwe. Hiyo klabu ilishindwa Mahakama ya Juu Julai 2017, miaka mitano baada ya mamlaka ya kodi kukataa mapatano na wadai na mali kuuzwa kwa pauni milioni 5.5. Kesi hiyo iliwatisha wanunuzi, lakini kilichoikata klabu pumzi ni zile kodi za kila mwezi.

Sasa nirudi kwa shirikisho. Utaratibu wake wa kumpima mmiliki ulitegemea klabu yenyewe kutamka kwamba viongozi wake wanafaa. Mwaka 2000 Whyte alifungiwa kuwa mkurugenzi wa kampuni kwa miaka 7, na hilo halikutamkwa. Nilipoanza barua hii huo ndio uliokuwa ushahidi wangu mkuu. Lakini hesabuni: kifungo kile kiliisha 2007, na daftari la umma la wakurugenzi waliofungiwa huonyesha walio kifungoni, adhabu ikiisha jina linatoka. Karani wa shirikisho angelifungua Mei 2011 asingeona kitu.

Aliyekuwa na nafasi ya kuona ni muuzaji wa klabu, Murray. Alikuwa na wanasheria mezani, na alikuwa na haki ya kuuliza fedha hizi ziko akaunti ya nani, zimekaa humo tangu lini, na zilitoka wapi kabla ya hapo. Benki nayo ilikuwa mezani, ikisubiri milioni zake 18. Kamati ya wakurugenzi wa zamani, chini ya mwenyekiti Alastair Johnston, ilieleza wasiwasi wake hadharani siku ile ile ya mauzo, na kabla mwezi haujaisha Johnston akaondolewa kwenye bodi.

Kwa hiyo nambadilisha mlaumiwa: wa kwanza ni muuzaji, ambaye hata hayumo kwenye swali lenu. Nasema hivyo nikijua kuwa Murray mwenyewe alisema alidanganywa, na kwamba Juni 2017 baraza la mahakama Glasgow lilimwona Whyte hana hatia ya ulaghai. Najua pia Hearts, iliyopokwa pointi 15 mwaka 2013 baada ya himaya ya biashara ya mmiliki wake, Vladimir Romanov, kuanguka, leo iko mikononi mwa mashabiki waliochanga kila mwezi. Ila hata wao walimhitaji kwanza mfanyabiashara Ann Budge atangulize fedha. Na ugonjwa haujaisha: Oktoba 2024 klabu ya Inverness Caledonian Thistle ikaingia chini ya wasimamizi, Dumbarton ikafuata Novemba.

Shirikisho silisamehe moja kwa moja. Lilipaswa kudai stakabadhi. Kila tarehe 23 klabu ilete uthibitisho kuwa kodi ya mishahara ya mwezi uliopita imelipwa, na isiyouleta isisajili mchezaji. Pengo la Rangers lingeonekana likiwa bado la mwezi mmoja.